Kapu la Kaisari

Majira ya joto ya mwaka 70 KK, wakati Roma ikijiandaa kwa uchaguzi, makapu kadhaa ya fedha kutoka Sisilia yalihama nyumba. Yalitoka kwa seneta mmoja yakaenda kwa bwana mmoja wa tabaka la wapandafarasi, isipokuwa kama 10 hivi yaliyobaki kwa seneta. Hayo 10 yalikuwa na kazi yake: kumwangusha Marcus Tullius Cicero, mwanasheria wa miaka 36 aliyekuwa akigombea cheo cha usimamizi wa masoko, mahekalu na michezo ya jiji.

Aliyekuwa nyuma ya njama hiyo ni Gaius Verres. Alikuwa liwali wa Sisilia kuanzia mwaka 73 hadi 71 KK, akakomba sanamu, ngano na vyombo vya fedha mpaka Wasisilia wakaenda kumlilia Cicero awatetee. Sasa kesi ilikuwa inakaribia. Usiku mmoja Verres aliwaita nyumbani kwake wale walioitwa wagawaji, watu ambao ujuzi wao ulikuwa kuwafikishia wapiga kura hongo za wagombea, kabila baada ya kabila. (Makabila ya Roma yalikuwa makundi ya kupigia kura, hata hivyo msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa zaidi.) Wengi walisitasita. Mmoja akasema kazi inawezekana kwa sesterti 500,000. Kwa sarafu za dinari za wakati ule, hiyo ni karibu nusu tani ya madini ya fedha. Mzigo wa namna hiyo hautiwi mfukoni.

Njama haikufua dafu. Cicero alichaguliwa, kesi ikafunguliwa mwezi Agosti, na baada ya siku chache za ushahidi Verres akakimbilia Massilia, Marseille ya leo, bila kungoja hukumu. Mambo ya makapu tunayajua kwa sababu Cicero mwenyewe aliyamwaga hadharani mahakamani, na neno alilolitumia kuyataja ni fiscus. Miaka 100 baadaye, neno hilohilo lilikuwa jina la hazina ya mtu mwenye nguvu kuliko wote kuizunguka Bahari ya Kati.

Mwanzoni fiscus halikuwa na ukubwa wowote. Lilikuwa kapu la kazi, la kusukwa kwa matete, fito au ule ukindu mgumu wa Hispania uitwao esparto, na mahali pake hasa palikuwa kwenye kinu cha mafuta. Mkulima alisaga zeituni, akatia machicha kwenye makapu bapa, akayapanga moja juu ya jingine, kisha akayabana kwa gogo zito lililovutwa kwa kamba. Mafuta yakachuruzika kupitia msuko, machicha yakabaki ndani. Mpishi wa pwani yetu anayekamua tui kwa kifumbu anafanya kazi ileile kwa mikono miwili. Mzee Cato, mwanasiasa mkali wa karne ya 2 KK aliyeandika mwongozo wa kilimo, hakuona haya kuwashauri wenye mashamba wapi pa kupata makapu mazuri ya kinu: ya Campania, alisema, ndiyo yanayofaa. Nchini Italia viwanda vinavyoshikilia njia ya zamani bado hukamua zeituni kwa mikeka ya mviringo inayoitwa fiscoli.

Kapu linalostahimili gogo la kinu haliwezi kushindwa na sarafu. Ndivyo fiscus lilivyoingia katika safari za fedha: maliwali walisafirisha humo mishahara ya askari na kodi za majimbo, na kina Verres wakasafirisha humo walichokwapua. Lakini katika zama za jamhuri lilibaki kuwa chombo cha kubebea tu. Hazina ya taifa ilikuwa kitu kingine, na ilikuwa na jina lingine.

Hazina hiyo iliitwa aerarium, nayo ilikaa ndani ya hekalu la mungu Saturnus, chini ya kilima cha Capitolium, mbele ya macho ya kila aliyepita uwanja mkuu wa jiji. Nguzo 8 za mbele za hekalu hilo, zilizojengwa upya karne nyingi baadaye, bado zimesimama. Waliotunza hazina walikuwa maofisa vijana waliochaguliwa kwa mwaka mmoja, na matumizi yaliidhinishwa na Baraza la Seneti. Utaratibu huo ulikuwa na matundu yake, kwani maofisa vijana hao mara nyingi waliongozwa na makarani wazoefu waliojua kila njia ya panya. Hata hivyo ilijulikana fedha ni za nani. Zilikuwa za watu wa Roma.

Mwaka 49 KK, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, Julius Caesar aliingia jijini akaitaka hazina hiyo. Mwakilishi wa umma aitwaye Metellus alisimama mlangoni akisema sheria hairuhusu. Caesar akatishia kumuua, na akaongeza kwamba kwake yeye kulitamka jambo hilo ndiko kulikokuwa kugumu kuliko kulitenda. Metellus akaondoka. Mafundi wakaitwa, milango ikavunjwa, na Plinius Mkubwa anaandika kwamba vilitolewa vinoo 15,000 vya dhahabu, vinoo 30,000 vya fedha na sesterti milioni 30.

Augustus, mrithi wake, hakuvunja mlango wowote. Alikuwa mjanja zaidi ya hapo. Mwaka 27 KK aligawana majimbo na Seneti: yale tulivu yakabaki kwa maseneta, yale yenye majeshi akayachukua mwenyewe pamoja na kodi zake. Misri, aliyoiteka mwaka 30 KK, aliikabidhi kwa mtu wake, na hakuna seneta aliyeruhusiwa hata kukanyaga huko bila idhini. Katika kila jimbo la Kaisari palikuwa na kapu lake la mapato, fiscus, na yote yalikuwa chini ya watu wa nyumba yake. Aerarium iliendelea kuwepo kwa heshima zote. Ilipopungukiwa, Augustus aliitilia kutoka mali yake binafsi, mara 4 kwa jumla ya sesterti milioni 150, na akahakikisha jambo hilo limechongwa kwenye mawe katika orodha ya matendo yake. Hazina ya taifa ikawa inaishi kwa fadhila za mtu mmoja.

Alipofariki mwaka 14 BK aliacha taarifa ya hali ya dola: askari wangapi, wako wapi, kiasi gani kimo katika aerarium na katika yale makapu, na kodi gani hazijalipwa. Kwa mujibu wa mwandishi wa wasifu Suetonius, mwishoni aliongeza majina ya watumwa na watumwa walioachwa huru ambao hesabu zingeweza kudaiwa kutoka kwao. Hapo ndipo siri ya mfumo mpya ilipokuwa. Mahesabu ya dola kubwa yalikuwa vichwani mwa watu ambao kisheria walikuwa mali ya mtu.

Mmoja wao tunamjua kwa jina. Musicus Scurranus alikuwa mtumwa wa Kaisari Tiberius, mlipaji wa fiscus ya Galia katika jimbo lililoitwa kwa jina la mji wa Lugdunum, ambao leo ni Lyon. Alikuja Roma kwa safari akafia huko, na jiwe lake la kaburi lilisimamishwa na watumwa wake mwenyewe, maana mtumwa huyo alikuwa na watumwa. Waliokuwa naye safarini ni 16, na 15 kati yao wametajwa pamoja na kazi zao: mfanyabiashara wake, mweka matumizi, makatibu 3, tabibu, watunza vyombo vya fedha 2, mtunza mavazi, wahudumu wa chumbani 2, wafuasi wa njiani 2 na wapishi 2. Wa mwisho ni mwanamke, Secunda, ambaye kazi yake haikuandikwa. Mtu anayekula kwenye vyombo vya fedha vinavyohitaji watunzaji wawili akiwa safarini si mtumwa wa kawaida. Na bado, kama Tiberius angetaka kumuuza asubuhi, angemuuza.

Chini ya Claudius, aliyetawala kuanzia mwaka 41 hadi 54 BK, makapu ya majimbo yaliyotawanyika yalianza kuwa hazina moja yenye ofisi kuu. Aliyeiendesha alikuwa Pallas, mtumwa aliyeachwa huru na mama yake Claudius. Mwanahistoria Tacitus anautaja utajiri wake kuwa sesterti milioni 300. Siku moja Claudius alilalamika kwamba fiscus imekauka, na mtu mmoja akamjibu kwamba ingefurika laiti Pallas na mwenzake Narcissus wangekubali kumwingiza mfalme katika ubia wao. Mzaha huo ulikuwa unachekwa mjini kote.

Mwaka 52 Seneti ilimpigia kura Pallas apewe nishani ya heshima na sesterti milioni 15. Alikubali heshima, akakataa fedha, na maseneta wakaagiza unyenyekevu wake uchongwe kwenye shaba. Nusu karne baadaye Plinius Mdogo, akipita barabara ya kwenda Tibur, aliliona kaburi la Pallas lenye maandishi ya kujisifia jambo hilo, akarudi nyumbani akalitafuta azimio lenyewe, na barua aliyomwandikia rafiki yake kuhusu hilo bado inawaka hasira. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanamfahamu ndugu yake Pallas. Ndiye Feliki, liwali wa Uyahudi, aliyemweka Paulo kifungoni miaka miwili huko Kaisaria akitumaini kupewa fedha. Bila shaka tabia hiyo ilikuwa na mwalimu nyumbani.

Hakuna mahali kapu la Kaisari liliponuka vibaya zaidi kuliko katika tawi lake lililoitwa fiscus Iudaicus. Kabla ya tawi hilo kuwepo, kila mwanamume wa Kiyahudi, kuanzia miaka 20, alikuwa akitoa nusu shekeli kwa mwaka kwa ajili ya Hekalu la Yerusalemu. Ndiyo kodi ambayo Petro anaulizwa kuihusu kule Kapernaumu katika Injili ya Mathayo. Mwaka 70 BK majeshi ya Tito yaliliteketeza Hekalu hilo. Kaisari Vespasianus, baba yake, hakuifuta sadaka. Aliielekeza kwingine: kila Myahudi, popote alipo, alipe drakma 2 kwa mwaka kwa hekalu la mungu Jupita jijini Roma, lililokuwa limeungua katika mapigano ya Desemba 69 na lilihitaji kujengwa upya. Watu waliotoa kwa ajili ya nyumba ya Mungu wao sasa walilipia nyumba ya mungu wa aliyeibomoa.

Tena mzigo ulipanuliwa. Vigae vilivyochimbuliwa Edfu, kusini mwa Misri, ni risiti za kodi hiyo zilizoandikwa kwa wino, na vinaonyesha kwamba walilipa pia wanawake, watumwa, na watoto kuanzia miaka 3. Karatasi ya mafunjo ilikuwa ghali, hivyo karani aliokota kipande cha chungu kilichovunjika, akaandika jina, kiasi na mwaka, akampa mlipaji. Risiti za namna hiyo zinakoma mwaka 116, katikati ya uasi wa Wayahudi wa Misri uliozimwa kwa damu.

Domitianus, mwana mdogo wa Vespasianus, aliikamua kodi hii kwa ukali uliopita wote. Waliosakwa ni walioishi Kiyahudi bila kujitangaza na waliozaliwa Wayahudi wakaficha asili yao. Wachongezi walineemeka. Suetonius anakumbuka kwamba alipokuwa kijana alikuwepo mzee wa miaka 90 alipovuliwa nguo mbele ya wakili wa Kaisari na umati wa watu ili waone kama ametahiriwa. Ni maelezo mafupi sana, lakini yanatosha kuonyesha ofisi ya kodi inaweza kufika wapi inapokuwa haina wa kuihoji.

Domitianus aliuawa Septemba mwaka 96. Mrithi wake Nerva, mzee aliyehitaji marafiki haraka, alipiga sarafu kubwa za shaba zenye mtende, alama ya Uyahudi, na maandishi yanayotangaza kwamba uchongezi wa fiscus Iudaicus umekomeshwa. Uchongezi tu. Kodi yenyewe iliendelea.

Kilichofuata ni kipindi ambacho Warumi wenyewe walikihesabu kuwa kizuri. Plinius Mdogo, aliyekuwa ametoka kusimamia hazina ya Saturnus, alimsifu Kaisari Trajanus mwaka 100 kwa jambo moja ambalo linasema mengi kuhusu waliomtangulia: chini yake fiscus iliweza kushtakiwa, na mara nyingi ilishindwa. Hadrianus alikwenda mbali zaidi. Mwaka 118 alifuta madeni ya kodi ya sesterti milioni 900 yaliyodaiwa na fiscus, akaamuru hati za wadaiwa zichomwe moto hadharani katika uwanja wa Trajanus. Jiwe lenye kiasi hicho lipo, sarafu za ukumbusho zipo, na mchongo wa marumaru unaowaonyesha askari wakibeba mabunda ya hati umehifadhiwa katika jengo la zamani la Seneti. Hadrianus huyohuyo aliteua mawakili maalumu wa kuitetea fiscus mahakamani, ishara kwamba kesi zilikuwa nyingi.

Wema wa namna hii ulitegemea moyo wa aliyeshika kapu, na moyo hubadilika. Mwaka 197 Kaisari Septimius Severus, Mwafrika wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alimshinda mpinzani wake wa mwisho, Clodius Albinus, karibu na Lyon. Wafuasi wa Albinus huko Hispania na Galia waliuawa na mali zao zikachukuliwa, yakiwemo mashamba makubwa ya zeituni.

Ushahidi wake umelala Roma, kwenye mtaa wa Testaccio, katika kilima chenye kimo cha mita 35 hivi ambacho hakuna mungu aliyekiumba. Ni rundo la mitungi ya mafuta iliyovunjwa, mingi yake kutoka bonde la mto Guadalquivir kusini mwa Hispania, kila mmoja ukiwa na uwezo wa kubeba lita 70 hivi. Mitungi hiyo haikurudishwa kwa sababu mafuta yaliyobaki ndani yake yalichacha, hivyo ilivunjwa na kupangwa kwa ngazi, kisha ikanyunyiziwa chokaa kuzuia harufu. Mjerumani Heinrich Dressel alianza kusoma maandishi yake ya wino katika miaka ya 1870. Katika karne ya 2 mitungi ina majina ya wafanyabiashara binafsi. Katika enzi ya Severus yanaingia majina ya makaisari wenyewe. Baada ya mwaka 217 mengine yanasomeka waziwazi kwamba mzigo ni wa fiscus, hesabu ya mali ya Kaisari ya jimbo la Baetica. Kapu la kukamulia mafuta, baada ya safari ya karne tatu kupitia majumba ya wafalme, sasa ndilo lililomiliki mafuta.

Kufikia hapo hata wenye vyeo walikuwa wamechanganyikiwa. Cassius Dio, seneta aliyekuwa konsuli mara mbili, mara ya pili mwaka 229, anaandika katika historia yake kwamba hawezi kuzitenganisha hazina hizi mbili, ya watu na ya Kaisari. Kama konsuli alishindwa, mkulima wa Galia angejuaje? Kisheria tofauti ilikuwapo bado, na wanasheria waliendelea kuichambua. Kimatendo, aerarium iligeuka polepole kuwa sanduku la manispaa ya jiji la Roma, huku fiscus ikiwa ndiyo dola.

Katika miaka hiyohiyo mwanasheria Herennius Modestinus alitoa maoni mafupi: haoni kosa kwa mtu ambaye, penye shaka, anaamua dhidi ya fiscus. Alikuwa mwanafunzi wa mwanasheria Ulpianus, aliishi katika zama za wanasheria kuuawa, na bado aliandika hivyo. Kaisari Justinianus alipokusanya maandiko ya sheria mwaka 533 aliyaweka maoni hayo ndani, na wanasheria wa Ulaya wameyategemea tangu hapo kumtetea mlipakodi.

Lugha za Ulaya ziliurithi ukoo mzima wa neno fiscus, kuanzia sera za bajeti hadi kitendo cha kutaifisha mali, ambacho kwa Kilatini kilikuwa ni kuitia kapuni. Waswahili hatuna sababu ya kushangaa; Katiba ya Tanzania nayo, ibara ya 135, inaziweka fedha za serikali katika Mfuko Mkuu wa Hazina.

Waholanzi walipoweka kituo Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, kampuni yao ya biashara ya Mashariki ilikuwa na ofisa aliyeitwa fiscaal, mwendesha mashtaka na mtoza faini aliyeogopwa na wengi. Walowezi walimpa jina lake ndege mmoja mweusi mgongoni na mweupe kifuani, mwenye tabia ya kukamata panzi na mijusi na kuwatundika kwenye miiba. Jina likashika katika vitabu vya ndege vya Kiingereza na kupanda hadi huku kwetu, ambako ndege wa jamii hiyo huitwa mbwigu. Mmoja wao, anayeishi katika nyika kavu za Kenya na kaskazini mashariki mwa Tanzania, anaandikwa humo kama Taita Fiscal.